Rangi ya Asali Kwenye Meno ya Chuma

Juzi mkwe wangu alisahau mafuta ya mawese motoni. Moshi ukajaa nyumba nzima, na wakati wenzangu wanakimbilia madirisha, mimi nilikimbilia chini ya kitanda. Nikavuta kopo la maziwa ya unga ambalo limekwisha kupoteza picha na maandishi yake yote, nikafungua kitambaa kilichoshiba mafuta, na kumbe bado kimo. Sijui nilidhani kingekwenda wapi.

Ni kipande cha chuma kisichozidi kiganja changu. Upande mmoja ni fimbo nyembamba ya duara, laini. Upande wa pili ni kichwa kinene kilichochongwa mshazari, na kwenye mshazari huo kuna meno yaliyokatwa kwa tupa, moja moja, kwa mkono wa mtu. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza kama ni cha kukamulia machungwa, na kwa kweli kinafanana. Baba alikiita freze, jina alilolisikia kwenye karakana za mjini. Kazi yake ilikuwa kuchonga upya mahali vali za injini zinapokaa. Mimi nimeona ndege zikitua, nimeona televisheni ya kwanza ikiwashwa mtaani kwetu, nimeona wajukuu wakizaliwa, lakini kama ni kitu cha kuniacha mdomo wazi, bado nataja hiki.

Ninyi wenzangu mliokulia mtaa wa Katuba enzi za ukoloni, wakati mji huu ukiitwa Elisabethville, mtazikumbuka mashine za kusaga kwa milio yake. Kila moja ilikuwa na sauti yake, na mtoto angeweza kufumba macho akajua yuko barabara gani. Yetu ilikuwa ya baba. Injini aliitoa kwenye lori lililokufa, akaifunga juu ya magogo chini ya kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, akavuta mkanda hadi kwenye kinu. Wanawake walikuja na mabeseni ya mahindi na mihogo mikavu, wakakaa kivulini kupiga soga na kupakwa unga nyusi na kope, hata mtu akirudi kwake wanawe wanamcheka. Mama alipokea mabeseni, baba alishughulika na injini, na mimi nilikuwa nazunguka katikati yao kama kuku wa nyumbani.

Baba alitoka kwao Kasai akiwa kijana, akafanya kazi miaka mingi mbele ya tanuru la kuyeyusha shaba. Alikuwa mtu wa kutazama moto. Halafu siku moja akaacha, akawaambia watu amechoka kuamshwa na king'ora. Mimi nilimpenda kwa jambo moja kubwa: hakuweza kunichapa. Nilipewa jina la mama yake, Ngalula, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa Mamu, na mtu atampigaje mama yake? Nikivunja kikombe alinung'unika kidogo, kisha anainamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekivunja.

Alikuwa na mchezo mmoja. Popote tulipokuwa, sokoni, kibandani, njiani kutoka misa, alinionyesha kitu na kuniuliza.

"Mamu, hii iko rangi gani?"

"Iko nyekundu, baba."

"Na ile kitambaa ya ule mama?"

"Iko bulu, na maua ya manjano."

"Muzuri. Muzuri kabisa."

Alinihoji nyaya za injini, kanga za wateja, ndege juu ya paa, papai kabla ya kulinunua. Nilijua ninafundishwa. Katekista alituhoji juu ya Mungu na baba akanihoji juu ya rangi, na niliamini kwamba akina baba wote wa Katuba wanawahoji binti zao hivyo hivyo, na kwamba mimi nafaulu kuliko wote. Nilitembea nikijisikia, kidevu juu.

Mara moja nikamfanyia utani. Alikuwa na nyanya mkononi, imeiva hadi inataka kupasuka, akaniuliza. Nikamjibu nikiwa nimekaza uso: "Ingali mubichi, baba. Iko sawa majani." Akairudisha kwenye kapu na kupapasa nyingine. Nilicheka hadi kwikwi ikanishika. Baba naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo kuanza. Nilipomsimulia mama nikitegemea acheke pia, aliacha kutwanga.

"Usimufanyie baba yako vile tena," alisema. "Umesikia?"

Nilisikia. Nilidhani ni kwa sababu chakula si kitu cha kuchezea.

Mwaka ninaousimulia, mahindi mapya yalikuwa yamekwisha kuvunwa na baridi ya kiangazi cha kwetu imeanza kuuma asubuhi, ndipo injini yetu ikaanza kukohoa. Ilipiga, ikasita, ikapiga. Ikatema moshi. Nguvu zikapungua hadi mkanda ukawa unateleza, na kinu kikatoa unga wa kukwaruza. Mama Kapinga, jirani yetu, ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ya chini, aliingiza mkono kwenye beseni lake na kuuinua mbele ya foleni nzima.

"Baba Ngalula! Hii iko bunga ao iko muchanga? Bwana yangu atavunja meno!"

Watu walicheka. Siku chache baadaye yeye mwenyewe alipita mbele ya kibanda chetu na beseni kichwani, akielekea mashine nyingine, akasalimia huku anatazama upande. Huyo nilimchukia wiki nzima.

Baba alifungua kichwa cha injini akakiweka juu ya meza, akanionyesha ugonjwa. Vali ni kifuniko cha chuma chenye umbo la uyoga. Inafunguka kuruhusu pumzi ya injini ipite, halafu inarudi kukaa mahali pake na kuziba. Pale inapokaa panapaswa kuwa na ukingo laini, wa mviringo kamili. Alichukua kidole changu akakizungusha hapo. Palikuwa pameliwa na moto, pana mashimo na makovu.

"Pumuzi inatokea hapa," alisema. "Injini inavuta pumuzi, lakini haikamate."

Karakana moja mjini ilikuwa na kifaa cha kuchonga mahali hapo. Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Walimwambia injini ile ni ya zamani, hawaishughulikii tena, anunue nyingine. Na vifaa vyao haviazimwi. Alivua koti, akalitundika, akakaa.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia neno Kasai likitajwa usiku na mchana. Siku zile mtu mweusi asiye na kazi inayojulikana hakuwa na ruhusa ya kuendelea kukaa mjini, na kazi ya baba ilikuwa mashine ile. Tanuruni hakutaka kurudi, wala sikujua kwa nini. Mashine ikifa, tungerudishwa. Mimi nilizaliwa hapa, Kasai sikuwahi kuiona hata kwa picha, na kwa jinsi wakubwa walivyoitaja niliamini ni mahali wanapopelekwa watu ambao vitu vyao vimeharibika. Mama alikwisha kuanza kufunga sahani za enameli kwenye vitenge vyake.

Asubuhi moja baba akaja na kipande cha ekseli ya lori, kizito, kilichojaa kutu. Akakiweka kwenye mbabula ya mama, lile jiko lake la bati, akapepea makaa hadi chuma kikaiva, kisha akakizika ndani ya jivu kipoe polepole. "Tunakilainisha kwanza," alisema. "Kikilala muzuri, kitakubali kukatwa." Siku nzima nilipita karibu na lile jivu kwa kunyata, nisikiamshe.

Hatukuwa na mashine ya kukereza. Baba alibana keekee ya mkono, ile ya kutobolea, kwenye jiliwa la mezani, akaweka mdomoni mwa keekee kipande alichokikata kwenye ekseli, mimi nikazungusha mpini na yeye akashikilia tupa juu yake. Chuma kilizunguka, tupa ikala, na vumbi la kung'aa likaanguka mapajani mwangu. Nilizungusha hadi mabega yakawaka moto. Taratibu, mbele ya macho yangu, kipande kile kibaya kikawa na fimbo ya duara, kikawa na kichwa, kichwa kikapata mshazari. Halafu akakaa na tupa ya pembe tatu akakata meno, akiyapapasa kwa ncha ya ulimi kila baada ya muda. Sikuwahi kufikiri kwamba vyombo vya kazi vinatengenezwa na watu. Nilidhani vinatoka dukani, na duka limevipata kutoka Ulaya, na Ulaya imevipata kwa Mungu.

Meno yale yalikuwa bado laini, na laini haiwezi kukata chuma kingine. Baba alikirudisha motoni. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye injini, akawa anaigusisha kwenye chuma chekundu. Inashika. Anapepea. Inashika tena. Halafu ghafla sumaku ikawa haishiki kitu, kana kwamba pale hapana chuma kabisa. "Imeshaisahau sumaku," baba akanong'ona, akakichovya kwenye mawese. Mafuta yalipiga kelele, moshi ukapanda hadi kwenye mabati, harufu ile ile iliyonipeleka juzi chini ya kitanda. Mama alituambia tutakula sombe, mboga ya majani ya mihogo, bila mafuta hadi tupate akili, na kweli tulikula hivyo.

Freze ya kwanza ilivunjika meno mara tu ilipogusa injini. Ilikuwa ngumu mno, ikakatika kama biskuti. Ya pili, aliyoirudisha motoni kidogo baada ya kuichovya, ilikataa kwa kinyume chake: ilizunguka tu, meno yakajilaza, laini tena. Baba aliishika mkononi, akaigeuzageuza karibu kabisa na uso wake, kisha akaenda kuipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama tena. Kwenye ekseli kilibaki kipande kimoja cha kutosha. Akakichonga kwa siku nyingi, akakichovya. Halafu hakuendelea. Kilikaa juu ya meza na yeye akakaa mbele yake.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Baba Ngalula. Ile ni ya mwisho. Mutoto iko na macho. Muite."

"Hii haiko kazi ya mutoto."

"Na kurudi Kasai, iko kazi ya nani?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mpini wa keekee, nikamwona baba akitazama mikono yake. Sikumwelewa. Nilidhani wamegombana juu ya mafuta.

"Mamu," akasema mwishowe. "Kuya hapa."

Aliniwekea sahani nyeupe kwenye kizingiti, kivulini, lakini penye mwanga wa asubuhi. Juu yake akaniomba nipange vitu vinne kama anavyovitaja: unyasi mkavu wa kiangazi, tone la asali, kipande cha kilemba cha mama cha zambarau, na chengachenga za buluu ya kufulia. Asali mama aliiomba kwa Mama Kapinga, ikabidi nimsamehe.

"Chuma ikichovywa inakuwa ngumu sana, inavunjika," baba alinieleza. "Sasa tunairudishia moto kidogo, polepole. Itatoa rangi. Itaanza sawa hii nyasi. Kisha asali. Kisha zambarau, kisha bulu. Asali ikifika pa meno, unaniita. Zambarau ikifika pa meno, kwisha, imelainika. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Usiniangarie miye. Angaria chuma tu."

Akakisugua kichwa cha freze kwa msasa hadi kikawa cheupe kama kijiko kipya. Akaleta kipande kizito cha chuma kutoka motoni, chekundu, akakiweka juu ya tofali, akasimamisha freze juu yake kwa koleo, fimbo chini, meno juu. Kando yake akaweka bakuli la mawese. Tukangoja. Mama alikuwa nyuma yangu, nikasikia pumzi zake.

Hakuna kilichotokea. Nilianza kuogopa kwamba chuma kimenikataa mimi. Halafu, chini kabisa kwenye fimbo, weupe ukaanza kuchafuka. Ukawa na unjano mwepesi sana, kama mtu amepapaka hapo kwa kidole, na hapakuwa na kidole. Ule unjano ukapanda. Nyuma yake ikafuata asali, na nyuma ya asali zambarau, na nyuma ya zambarau buluu safi ambayo sijaiona tena popote, si kwenye kanga, si angani. Zilikuwa zinatembea. Rangi zilizokuwa kwenye sahani yangu zilikuwa zinapanda zenyewe kwenye chuma, kwa utaratibu ule ule alioutaja baba, na hakuna aliyezileta. Nilisahau Kasai. Nilisahau kama nina mdomo. Nikawaza kwamba ndani ya kila chuma nilichowahi kukigusa, jembe, msumari, sufuria ya mama, mlikuwa na rangi hizi zote zimekaa kimya, zinangoja.

Unjano ukagusa meno. Asali ilikuwa chini yake kidogo, inakuja. Nikatazama sahani, nikatazama chuma.

"Nyasi imefika," nikasema.

"Eee."

"Asali inakuya. Inakuya, baba. Iko pa chini ya meno. Iko..." Meno yakaingia rangi, moja, halafu yote kwa pamoja. "Asali! Asali, baba, asali!"

Koleo likashuka, mafuta yakapiga kelele, moshi ukatufunika. Hapo ndipo nilipogeuka kumtazama. Baba hakuwa anatazama chuma. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, na nikajua, sijui nilijuaje, kwamba yalikuwa usoni kwangu muda wote. Chuma chake cha mwisho kilikuwa mkononi mwake, na yeye alikuwa akinisoma mimi.

Nyanya ikanijia kichwani. Nyaya, papai, vilemba vya akina mama barabarani, miaka yote ile ya "iko rangi gani". Hakuwa ananifundisha. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui. Moto wa tanuru ulikuwa umemlia rangi za dunia, akabaki na kivuli na mwanga, na ndiyo maana hakuweza kurudi kule, na hakumwambia mtu ila mama. Na mimi niliyekuwa nikidhani nahojiwa, kumbe nilikuwa naaminiwa. Nililia. Baba akadhani moshi umeniingia machoni, akanifuta kwa pindo la shati lake, akaniachia masizi shavuni.

Freze ile ilikata. Baba aliingiza fimbo yake kwenye tundu la vali ili isimame wima, akafunga mpini wa mti, akazungusha kwa uzito wa mikono tu. Chuma cha injini kilitoka kwa nyuzi nyembamba kama nywele. Chini yake ukatokea ukingo wa kijivu, mviringo, safi. Akanipa nizungushe kidogo na mimi. Kisha tukasaga vali mahali pake kwa mafuta na unga wa chupa iliyotwangwa, sauti ikaanza kwa kukwaruza ikaishia kwa mnong'ono, akamimina mafuta ya taa juu yake tukainama wote watatu kuangalia chini kama yanavuja. Hakikudondoka kitu. Mama aliinama tena peke yake, akaingiza kidole, akakitoa kikavu, akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Injini ilipowaka, ilipiga kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, ya kina na isiyo na haraka. Mama Kapinga alikuwa wa kwanza kufika. Aliingiza mkono kwenye unga, akausugua kati ya vidole, akatafuta neno la kulalamika akalikosa. Usiku huo tulikula bukari, ugali wa unga wetu wenyewe, kwenye sahani za enameli zilizofunguliwa kutoka kwenye vitenge.

Hatukuwahi kuzungumza juu ya macho yake, baba na mimi. Aliendelea kuniuliza na mimi nikaendelea kumjibu, ila sikumfanyia tena utani. Hata alipokuwa mzee kabisa, ambapo kivuli na mwanga navyo vilikuwa vinamwacha, alikuwa na freze hii mfukoni mwa koti, ndani ya kitambaa cha mafuta. Nikimtembelea aliniwekea mkononi. "Mamu, ingali asali?" Nikamwambia ingali, na ilikuwa kweli, kwa sababu kati ya meno, pasipofikiwa na kazi, rangi ile haikutoka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema za ndugu wa mbali.

Juzi, moshi ulipokwisha, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaipeleka freze kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ya kijivu. Nikaisugua kwa kitambaa, nikaigeuza, nikaisogeza karibu na uso wangu hadi nikasikia ubaridi wake puani. Kijivu. Mjukuu wangu mdogo, ambaye ana jina langu na la mama wa baba yangu, alikuwa mlangoni ananitazama.

"Kuya hapa, Mamu," nikamwambia. "Hii, katikati ya meno, iko rangi gani?"

Alichungulia. Hakufikiri hata kidogo.

"Sawa asali, nkambo." Halafu akaninyanyulia uso, akauliza jambo ambalo mimi kwa umri wake sikuthubutu kuliuliza. "Kwani weye hauone?"

Ningeweza kumwambia namfundisha.

"Hapana, Mamu," nikasema. "Siko naona tena. Ndiyo maana nimekuita."